Mac au Windows: Nani Anaridhika, na Anaridhika na Nini

Tafiti za Marekani zinazowauliza watu kama wameridhika na kompyuta walizonunua zimemweka mwenye Mac juu kwa miaka mingi. Kielezo cha kuridhika kwa wateja kijulikanacho kama ACSI, kilichoanzia Chuo Kikuu cha Michigan mwaka 1994, kiliipa Apple alama 87 kati ya 100 mwaka 2011. Jarida la Consumer Reports, ambalo huwauliza wasomaji wake kuhusu vifaa wanavyomiliki, nalo limekuwa likiiweka Apple kwenye nafasi za mbele kwa uimara na kwa kuridhika. Huko ndiko ulikotoka ushauri anaopewa kila anayetafuta kompyuta mpakato, awe Dar es Salaam, Nairobi au Kampala: ukiwa na hela chukua Mac, ukiwa huna chukua Windows.

Ushauri huo una ukweli ndani yake. Ila unaruka mambo mawili makubwa: hausemi hao walioridhika wanalinganishwa na nani, wala hausemi wanaishi wapi. Mtu anayenunua kwa hela aliyoidunduliza anastahili kuambiwa yote mawili.

Tuanze na ulinganisho. Mac inatengenezwa na kampuni moja, na kwa miaka mingi MacBook mpya ya bei ya chini kabisa ilianzia karibu na dola 900 au 1,000. Windows siyo kompyuta. Ni mfumo ambao Microsoft inawauzia HP, Dell, Lenovo, Acer, Asus na wengine wengi, na ndani yake kuna mashine za dola 250 na za dola 3,000. Unapochukua wastani wa kuridhika kwa wenye Windows wote ukauweka kando ya wenye Mac, ni sawa na kulinganisha ufaulu wa shule moja inayochuja wanafunzi kwa mtihani na ufaulu wa wilaya nzima.

Na huku chini kabisa kwenye Windows ndiko machozi yalikojaa. Ingia duka lolote la kompyuta Kariakoo au barabara ya Luthuli, Nairobi, utaikuta pale mbele: mpya ya kwenye boksi, nyembamba, inang'aa, ina kibandiko cha Celeron, RAM ya GB 4 na hifadhi ya GB 64 ya aina ya eMMC. Bei yake ni ile ile ya mtumba mzuri uliotoka kwenye ofisi za Ulaya. Mzazi anayempeleka mtoto chuo anaichukua hiyo, kwa sababu ni mpya, na neno "mtumba" linamtia hofu. Baada ya miezi michache Windows yenyewe, pamoja na masasisho yake, imekula zaidi ya nusu ya ile hifadhi. Ukifungua kurasa tano za intaneti na faili moja la Word, mashine inaganda. Mwanafunzi anaanza kusema Windows ni mbovu. Siyo Windows. Ni mashine iliyotengenezwa kwa ajili ya kufikia bei fulani, na sijui bidhaa nyingine ya elektroniki inayowakatisha watu tamaa kwa uhakika kama hiyo. Mtu huyo akija kupata MacBook miaka mitatu baadaye, ataapa kwamba ameokoka, na kwa upande wake yuko sahihi. Lakini angeokoka vilevile kwa mashine nzuri ya Windows, kama ThinkPad ya Lenovo.

Kuna jambo jingine kuhusu kuridhika ambalo wanasaikolojia walishalichunguza kabla hata kompyuta za nyumbani hazijakuwapo. Mwaka 1956 Mmarekani Jack Brehm aliwapa wanawake vifaa vya nyumbani wavipe alama kwa jinsi vinavyowavutia, kisha akawaruhusu kuchagua kimoja kati ya viwili wakichukue kama zawadi. Walipovipa alama tena, kile walichokichagua kilikuwa kimepanda machoni pao, na kile walichokiacha kilikuwa kimeshuka. Mwaka uliofuata Leon Festinger alichapisha nadharia inayoeleza hali hiyo: moyo haupendi kubaki na mgongano kati ya ulichofanya na unachoamini, kwa hiyo unajipatanisha wenyewe. Sasa fikiria mtu aliyetoa mshahara wa miezi minne kununua MacBook. Ukimuuliza kama ameridhika, unamuuliza pia kama alifanya ujinga. Jibu lake si uongo, lakini limebeba mzigo mwingine usiohusu kompyuta.

Ushahidi unaotajwa zaidi na wapenzi wa Mac ni wa IBM, na unastahili kutazamwa kwa makini kwa sababu ni kampuni iliyotengeneza kompyuta binafsi za kwanza zilizoifanya Microsoft iwe Microsoft. Mwaka 2015 IBM ilianza kuwapa wafanyakazi wake uhuru wa kuchagua Mac, na mwaka uliofuata ikatangaza kwamba kila Mac inaiokolea kati ya dola 273 na 543 katika miaka minne, ukilinganisha na kompyuta ya Windows. Ilisema pia kwamba ni asilimia 5 tu ya wenye Mac waliohitaji kupiga simu kwa mafundi wa ndani, dhidi ya asilimia 40 ya wenye Windows. Mwaka 2019 ikaongeza kipimo cha utayari wa kumshauri mwenzako atumie ulichonacho: wenye Mac walipata 47.5, wenye Windows 15.

Namba hizo ni nzito na sizipuuzi. Ila waliochukua Mac pale IBM waliichagua wenyewe, na mtu aliyepewa alichokitaka huridhika kuliko aliyebaki na alichokikuta mezani. Hao wenye Windows wengi huenda walikuwa na mashine ambazo hawakuziomba. Vilevile IBM ilikuwa mshirika wa kibiashara wa Apple tangu mwaka 2014. Na kubwa kuliko yote, mfanyakazi wa IBM kompyuta yake ikizimika analetewa nyingine. Hana haja ya kujua fundi yuko mtaa gani.

Kwetu haja hiyo ipo, na ndiyo maana naamini kuridhika kwa mnunuzi wa Afrika Mashariki kupimwe mwaka wa nne. Mwezi wa kwanza kila mtu anafurahi. Mwaka wa nne betri imechoka, hifadhi imejaa, kitufe kimoja cha kibodi kinagoma, chai imeshamwagika mara moja, na ndipo unapojua ulinunua nini.

Upande wa Mac una jambo moja linalopita yote mpaka mwaka huo, na hapa ndipo ule ushauri wa mtaani una haki. Novemba 2020 Apple ilitoa MacBook Air yenye chipu yake yenyewe, M1, ikaanza kuachana na prosesa za Intel ilizokuwa ikizitumia tangu 2006. Mashine ile haina feni kabisa. Haipigi kelele, haichomi mapaja, na Apple iliitaja kuwa inaweza kufika saa 15 za kutembelea intaneti kwa chaji moja. Hata ukikata theluthi ya hizo kwa sababu ya matumizi ya kweli na betri iliyozeeka, umebakiwa na siku nzima ya kazi. Kwa anayeishi London hiyo ni starehe. Kwa aliyepitia mgao wa umeme Tanzania mwishoni mwa 2023, akiwa na kazi ya kuwasilisha jioni na jenereta la jirani ndilo tegemeo, ni tofauti kati ya kulipwa na kutolipwa. Mtumba wa Windows wenye betri iliyochoka mara nyingi haumalizi saa mbili. Wapo watengenezaji wa Windows waliokaribia hapo tangu Juni 2024, kwa mashine zenye chipu za Snapdragon X, lakini hizo bado ni ghali na baadhi ya programu za zamani na printa za zamani hazipatani nazo.

Ongeza ubora wa skrini, spika zinazosikika chumba kizima, padi ya mguso ambayo hakuna mtengenezaji wa Windows aliyeifikia kwa muda mrefu, na bei ya kuuzia tena isiyoporomoka. Haya yote ni ya kweli. Mwenye Mac ya M1 aliyeinunua 2021 bado anaitumia kwa kazi leo bila kulalamika, na hilo si suala la moyo kujipatanisha.

Lakini sehemu kubwa ya raha anayoisimulia mwenye Mac wa Marekani haisafiri. Yeye ana iPhone mfukoni: picha zinaruka zenyewe kutoka kwenye simu hadi kwenye kompyuta, ujumbe unaanzia huku unaishia kule, anachonakili kwenye simu anakibandika kwenye kompyuta. Mtu mwenye Tecno, Infinix au Samsung hapati lolote kati ya hayo. Yeye na mwenye Windows wanatumia WhatsApp ile ile kwenye kivinjari kile kile. Amelipia daraja ambalo upande wake wa pili haujajengwa.

Halafu kuna stesheneri. Anayeona hili ni dogo hajawahi kuchapisha tasnifu siku ya mwisho. Mwanafunzi anaandika kazi yake kwa Pages kwa sababu imekuja bure na Mac, anaiweka kwenye flashi, anakwenda stesheneri ya nje ya geti la chuo. Pale kuna kompyuta moja ya Windows, foleni ya watu saba, na kijana anayechapisha haraka haraka. Faili halifunguki. Au anapewa diski ya nje ya rafiki yake, iliyofomatiwa kwa mtindo wa NTFS wa Windows, Mac inaisoma vizuri tu lakini inakataa kuandika chochote ndani yake. Dawa zipo na ni rahisi: toa kazi yako kwa PDF, fomati flashi kwa exFAT, tumia Word badala ya Pages. Ila ni lazima uzijue kabla, kwa sababu mfumo mzima unaokuzunguka, kuanzia stesheneri hadi projekta ya ukumbi wa mikutano yenye waya wa HDMI usioingia popote kwenye MacBook Air, ulijengwa kwa kudhani una Windows.

Kwa wengine tatizo si flashi bali kazi yenyewe. Mhasibu anayetumia Tally hana la kuchagua, programu hiyo ni ya Windows. Mhandisi wa Revit au SolidWorks, mtaalamu wa ramani wa ArcGIS Pro, mchambuzi wa takwimu anayetengeneza ripoti kwa Power BI Desktop, ofisi ndogo iliyojenga kanzidata yake kwenye Access: wote hao kwao ni Windows, basi. Nchini Kenya, fomu za Excel zenye makro zilizotumika kwa miaka kuwasilisha marejesho ya kodi kwenye iTax ziliandaliwa kwa Excel ya Windows, na wenye Mac wengi wamejikuta wakiazima kompyuta ya mwenzao kila Juni. Zamani mwenye Mac ya Intel aliweza kuweka Windows pembeni kwa Boot Camp. Kwenye chipu za M njia hiyo haipo. Kuna Parallels, inayoendesha toleo la Windows 11 la ARM, lakini ni ya kulipia, inakula RAM, na haifanyi kila kitu.

Upande wa pili, mtu anayetengeneza programu za iPhone lazima awe na Mac, na mhariri wa video aliyezoea Final Cut Pro hawezi kuipata kwenye Windows. Maprodyuza wa muziki wamepata unafuu: FL Studio, ambayo vijana wengi wa Bongo Fleva wamejifunzia studio za vyumbani, ilikuwa ya Windows tu hadi mwaka 2018, ilipotoka rasmi kwa Mac pia. Mwandishi, mwalimu, mwanasheria, mtu wa barua pepe na Zoom hana kizuizi chochote upande wowote.

Sasa tuje kwa fundi, kwa sababu mwaka wa nne ni mwaka wake. Chukua HP EliteBook 840 G5, mashine ya ofisi iliyojaa kwenye masoko yetu ya mtumba. Fundi analegeza skrubu za kifuniko cha chini, anakiinua, na kila kitu kiko wazi mbele yake: nafasi mbili za RAM, SSD iliyobanwa kwa skrubu moja, betri inayotoka kwa skrubu chache, feni ya kupuliza vumbi. RAM ya GB 8 inakuwa 16 ukiwa umekaa pale pale kwenye stuli. Hifadhi ya GB 256 inakuwa 512. Betri mpya inapatikana mtaa ule ule, ingawa ubora wake hutofautiana na inafaa kuomba hata wiki moja ya kurudisha. ThinkPad T480 imekwenda mbali zaidi: ina betri mbili, moja ndani na moja nyuma, na ile ya nyuma unaichomoa na kuweka nyingine bila hata kuizima kompyuta.

MacBook Air ya M1 ukiifungua utakuta kazi safi ya kupendeza na hakuna cha kuongeza. RAM imefungwa pamoja na prosesa, hifadhi imelehemewa kwenye bodi. Ulichonunua siku ya kwanza ndicho utakachokufa nacho, na kwa miaka mingi ulichonunua kilikuwa GB 8, hadi Oktoba 2024 Apple ilipoanza kuweka 16 kama kiwango cha chini kwenye MacBook zake zote. Data imesimbwa na kufungwa kwenye chipu, kwa hiyo bodi ikifa kabisa, picha na kazi zako zimekwenda nayo kama hukuwa na nakala mahali pengine. Apple haina duka lake lolote barani Afrika. Kuna mawakala walioidhinishwa kwenye miji mikubwa, na mafundi wa mtaani wachache wenye darubini na mkono mtulivu wanaoweza kugusa bodi ya Mac. Aliyeko Dodoma au Kisumu anaweza kumpata mmoja. Aliyeko Kibondo atapanda basi.

Na isisemwe kwamba Mac haiharibiki. Kati ya 2015 na 2019 Apple ilitoa MacBook zenye kibodi nyembamba ya mtindo wa kipepeo, ambayo punje ya vumbi ilitosha kukifanya kitufe kigome au kijirudie. Mwaka 2018 ilibidi itangaze mpango wa kuzitengeneza bure, na mwaka 2022 ikakubali kulipa dola milioni 50 kumaliza kesi nchini Marekani. Mashine hizo hizo ndizo zinazouzwa leo kwa bei ya kuvutia kama mtumba, na picha ya tofaa mgongoni.

Hilo linatufikisha kwenye jambo ambalo kwa sasa lina uzito kuliko ubishi wote wa Mac na Windows: umri. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilisitisha masasisho ya usalama ya bure ya Windows 10, isipokuwa kwa wanaojiandikisha kwenye mwaka mmoja wa nyongeza. Windows 11 inataka chipu ya usalama ya TPM 2.0 na, kwa mashine za Intel, karibu kila mara prosesa ya kizazi cha 8 au zaidi. Kwa hiyo EliteBook 840 G3 na ThinkPad T470, ambazo zimesomesha wanafunzi wengi, zimeachwa nje ya mlango. Hazijawa takataka, mfumo wa Linux Mint unazifufua vizuri, lakini si za kununua leo kwa bei ya Windows. Kizazi cha 8 kilileta pia faida nyingine ambayo wauzaji hawaisemi: prosesa za kawaida za mpakato ziliruka kutoka viini viwili hadi vinne. Angalia namba inayofuata kistari. Core i5-8350U inakufaa, Core i5-7300U hapana. Na usiamini jina la modeli peke yake, kwa sababu hata T480 na 840 G5 zimo zilizotoka kiwandani na prosesa za kizazi cha 7.

Mac nazo zina ukuta wao. Juni 2025 Apple ilitangaza kwamba macOS Tahoe ndilo toleo la mwisho litakalokubali prosesa za Intel, tena kwa modeli nne tu, na hakuna MacBook Air ya Intel hata moja kati ya hizo. Mtu anayekuuzia MacBook Air ya 2017 au 2019 anakuuzia jina.

Mtumba wa Mac una mtego mwingine. Mashine za tangu 2018 zinaweza kufungwa na akaunti ya mwenye nazo wa zamani, au na kampuni iliyokuwa ikizisimamia kwa mbali. Kufuli zote mbili hazionekani kompyuta ikiwa imewashwa dukani na inafanya kazi. Zinajitokeza siku unapoifuta. Basi ifutwe mbele yako, iwashwe upya kama mpya, iunganishwe na intaneti ya simu yako, na ukiona inaomba akaunti usiyoijua au inataja jina la kampuni, rudisha hela mfukoni. Kisha tazama idadi ya mizunguko ya betri kwenye taarifa za mfumo. Apple inazihesabia betri hizo mizunguko 1,000.

Uamuzi wangu, baada ya yote, ni huu. Kama kazi yako haina programu ya Windows pekee na hela yako inafika MacBook Air ya M1 au ya baadaye iliyo safi, ichukue, na kama unaweza tafuta yenye RAM ya GB 16. Betri yake peke yake inatosha kuwa sababu. Kama kazi yako ina programu hizo, au uko mbali na fundi wa Mac, au hela haifiki, chukua mashine ya ofisi ya Windows, Latitude ya Dell, EliteBook au ThinkPad, ya kizazi cha 8 na kuendelea, RAM 16, SSD, na utenge hela ya betri mpya. Hutakuwa umechukua kilichobaki. Wenye mashine hizo hawana kelele mtandaoni, lakini nenda ofisi yoyote ya uhasibu utawakuta, wanaendelea na kazi. Celeron mpya ya GB 4 iache dukani, hata uambiwe ni ofa.

Na kwenu wenye maduka: andikeni kwenye kibandiko cha bei namba kamili ya prosesa na siyo "Core i5" tupu, hali ya betri kwa asilimia, na kwa Mac, kama imeshafutwa na kuwashwa upya. Ni mstari mmoja wa kalamu, na mteja aliyenunua akijua ndiye atakayerudi na mdogo wake.